Ratiba Isiyo na Pengo

Kituo cha Afya Mtondooni,
Mbele ya Mkange.
Ijumaa, 5 Julai 2024

Shangazi Zuwena,

Shikamoo. Baba ameniambia magoti yametulia na umeanza tena kwenda sokoni kwa miguu. Alhamdulillahi. Barua hii anakuletea Twalha, dereva wa gari letu la wagonjwa, ambaye kila Jumanne na Ijumaa hupeleka sampuli za damu kwenye maabara ya hapo mjini. Simu huipendi kwa sababu ya masikio, nami yangu siku hizi nikiishika tu inaita kutoka wodini.

Sikuandikii kama mtoto wa kaka yako tu. Wewe ulikuwa muuguzi mfawidhi miaka mingi, na mimi nina mwaka wa pili katika cheo hicho. Naomba akili yako. Wauguzi wangu wamechoka, na sisemi uchovu wa kulala ukaamka umepona. Abdillah, aliyekuwa akitaniana na kila mgonjwa, sasa anazungumza nao kama anaamuru mbuzi: kaa, vua, lala. Wiki jana nilimkuta Mwaija amesimama mbele ya kabati la dawa machozi yanamtoka. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Dada Hajra, nimesahau nimefuata nini, na sijui kwa nini ninalia."

Nimefikiri hivi. Sasa tuna zamu mbili ndefu, na aliyemaliza haondoki mpaka foleni iishe. Nataka zamu tatu fupi. Aliye mapumzikoni asipigiwe simu. Kuhesabu mashuka, kufuata dawa stoo na kujaza fomu za mwezi kufanywe na mtu asiye na mgonjwa mkononi. Na kile chumba cha nyuma kilichojaa vitanda vibovu kisafishwe, mtu apate pa kufunga macho nusu saa.

Kinachonizuia ni ratiba. Kwenye karatasi tuko tisa. Kibibi yuko masomoni Dodoma tangu Januari, Shadya yuko likizo ya uzazi, na wawili walihamishwa bila mbadala. Majina yao bado nayaandika kama ulivyonifundisha, na sisi watano tunashika zamu zao. Nikiyafuta, ratiba itabaki na mapengo, na wodi ya uzazi yenye mapengo naogopa itafungwa usiku. Nifanyeje?

Wako,
Hajra


Bagamoyo,
Jumanne, 9 Julai 2024

Mwanangu Hajra,

Marahaba. Nimemwambia Twalha anywe chai taratibu mpaka nimalize kuandika, kwa hiyo akichelewa usimgombeze.

Kwanza nikueleze ratiba ile ilitoka wapi, maana nilikufundisha kuipanga bila kukwambia sababu, na hilo ni kosa la mwalimu. Mwaka wangu wa tatu katika ufawidhi, muuguzi wangu mmoja alifiwa akaenda kwao mwezi mzima. Mimi, kwa unyofu, nikaacha nafasi yake wazi. Mkaguzi akaja, akaona pengo, akaandika kwamba wodi ya uzazi haina watu wa kutosha na isipokee mtu baada ya magharibi. Wiki mbili baadaye mwanamke alijifungulia njiani juu ya baiskeli ya mumewe. Mtoto hakuishi. Tangu siku ile sikuacha tena pengo. Aliye mbali niliandika jina lake, na waliopo tukagawana zamu yake kimya kimya. Haikuwa kumdanganya mtu. Tulikuwa tumeuegemea mlango usifungwe.

Sasa hizo zamu tatu zako. Vitabuni ni nzuri. Chukua watu watano uwagawe mara tatu kwa siku, utoe wa kupumzika na wa kuugua, uone unabaki na nani. Hata chumba cha kupumzikia ni kizuri, ila muuguzi akiisha kulala humo atahitaji mwenzake wa kukaa macho, na huyo mwenzake hayupo. Ndiyo maana nasema usianze na ratiba. Kuhusu mashuka na fomu uko sahihi kabisa. Mpe kazi hiyo mhudumu wa usafi anayejua kuandika, na stoo aende Twalha.

Lakini nimesoma pia ambacho hukukiandika. Mwandiko wako umelala upande, na hukusema neno moja juu ya afya yako. Niachie. Nitajua la kufanya.

Shangazi yako,
Zuwena Dadi


Mtondooni,
Jumanne, 23 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Twalha ameshawasha gari, kwa hiyo nitasema ya lazima tu.

Jana saa tatu asubuhi Mwaija alimchoma mama mmoja, Adila, sindano ya kuzuia kifafa cha mimba. Kabla hajaiandika kwenye cheti aliitwa kitanda cha pili, mtoto anatoka. Akaenda, akazalisha. Saa tatu na nusu akarudi kwa Adila, akatazama cheti, akaona pameachwa wazi, akachoma tena. Dawa ile ikizidi hulegeza misuli mpaka ya kifua. Abdillah ndiye aliyeona midomo inageuka rangi. Tulimpa dawa ya kuizima na kumpulizia hewa kwa mkono, tukipokezana, karibu saa nzima.

Adila yu hai. Mtoto wake yu hai. Kaka yake Adila, Farhan, alikuwa mlangoni akaona yote, na ameandika malalamiko. Simlaumu.

Mwaija aliingia kazini Jumapili saa moja na nusu asubuhi. Mchana alishika zamu ya Shadya, usiku akashika ya Kibibi, na Jumatatu asubuhi ikawa yake mwenyewe. Alikuwa na saa ishirini na sita miguuni. Lakini ratiba iliyobandikwa ukutani, niliyoiandika kwa mkono wangu, inasema Jumapili alipumzika.

Kamati ya uchunguzi itakaa Jumatano tarehe 14 Agosti. Leo wamekuja kuchukua nakala ya ratiba. Mmoja wao aliisoma akasema muuguzi aliyetoka mapumzikoni akikosea hivyo, huo ni uzembe, na leseni yake haina kazi. Mwaija alikuwa amesimama pale. Alinitazama mimi.

Ndani ya droo yangu limo kaunta buku la makabidhiano, ambamo kila mmoja wetu huweka sahihi na saa akiingia na akitoka. Humo ukweli wote umo. Hawakuliulizia, na mimi sikulitoa.

Hajra


Bagamoyo,
Ijumaa, 26 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimesali rakaa mbili kabla ya kushika kalamu, ili nisikuandikie kwa hofu.

Usilitoe kaunta buku. Nitakueleza kwa nini, nawe unisome mpaka mwisho. Ukiliweka mezani mbele ya kamati, watalinganisha na ratiba. Hawatauliza Mwaija alichoka vipi. Watauliza nani aliandika majina ya watu wasiokuwepo kwenye karatasi ya serikali. Jibu ni wewe. Halafu watahesabu wauguzi waliopo kweli, na wodi ya uzazi itafungwa usiku, na kina mama wa Mkange mpaka Saadani watarudi kule nilikokueleza. Utakuwa umemtetea mmoja na kuwaumiza wengi.

Mwaija ni msichana na ameanza kazi juzi. Kamati hupenda kutisha. Mara nyingi wanaishia kwenye onyo la maandishi. Mwambie akiri, aombe radhi kwa familia ya mgonjwa, na aseme kwamba sasa anaandika kwanza ndipo anahudumu kitanda kingine. Majuto huwalainisha.

Ila tangu nimeanza nataka kukuuliza jambo moja. Wewe siku ile ulikuwa na saa ngapi miguuni?

Zuwena


Mtondooni,
Jumanne, 30 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nilikuwa na saa kumi na tisa. Lakini si hilo ninaloandikia.

Jana imefika barua ya uhamisho. Natakiwa niripoti hospitalini Bagamoyo mjini Jumatatu tarehe 12 Agosti, siku mbili kabla ya kamati kukaa. Sikuomba. Haina sababu, ina muhuri tu.

Unaweza kukisia wenzangu walivyoipokea. Abdillah aliisoma ubaoni kwa sauti, akasema, "Naona Sista umeota mbawa." Nikamwambia sijui imetoka wapi. Akanijibu kwamba hata mbayuwayu hajui, ila anaondoka kabla ya wenzake. Wauguzi wengine wawili walicheka, na sijawasikia wakicheka tangu Ramadhani. Mwaija hakucheka. Alinifuata stoo, akaniuliza kama kaunta buku nitaondoka nalo au nitaliacha. Nikamwambia sijaamua kuondoka. Akasema, "Mimi sikuulizii wewe, Dada. Naulizia kitabu."

Ninaamini kuna mtu huko juu anayejua kilichomo na anataka nisiwepo siku hiyo. Wewe ulimfundisha Masoud anayeshughulika na uhamisho. Tafadhali muulize nani aliagiza. Na ushauri wako nimeusikia, Shangazi, lakini mimi simwoni "mmoja" unayemwandika wewe. Namwona anakunja sare yake kila jioni kama mtu anayejiandaa kuirudisha.

Hajra


Bagamoyo,
Ijumaa, 2 Agosti 2024

Hajra mwanangu,

Marahaba. Nimeuliza. Mambo ya uhamisho, kama unavyojua, hupangwa kwa mahitaji ya vituo, na barua hutoka nyingi kwa pamoja, kwa hiyo tarehe kugongana na nyingine ni jambo la kawaida. Nilipokuwa kazini nilihamishwa mara nne, na hakuna hata mara moja niliyoelezwa sababu. Mtumishi huenda anakotumwa.

Tena tazama upande wa pili. Hapa mjini wauguzi ni wengi kidogo, zamu ni tatu kama ulivyotaka, na kuna chumba cha kupumzikia chenye feni. Chumba chako cha zamani nimekipaka chokaa. Utalala. Ukishapata nguvu utaweza kuwasaidia wenzako ukiwa huku, hata kwa kuandika barua kwa wakubwa.

Usijitie mawazo kwamba kuna watu wanaotaka kuficha vitabu. Si kila kitu kina njama. Kwa kamati unaweza kuandika maelezo mafupi ukayaacha.

Zuwena


Mtondooni,
Jumanne, 6 Agosti 2024

Shangazi,

Nimempigia Masoud mwenyewe. Alicheka, akasema nimshukuru shangazi yangu, ambaye alikaa ofisini kwake tangu asubuhi mpaka adhuhuri na hakukubali hata maji mpaka barua imeandikwa. Ilikuwa tarehe 11 Julai. Siku mbili baada ya kuniandikia "niachie."

Nilikuomba namna ya kuwapumzisha watu watano. Umempumzisha mmoja na kuwaachia wanne kazi ya tisa. Halafu nilipokuuliza, ukanieleza habari za chokaa na feni.

Mwaija ana mama yake kule Vigwaza anayemtegemea. Barua ya kumwita mbele ya kamati inataja kufutiwa leseni kwa jina lake, si onyo. Mimi siendi mjini.

Hajra


Bagamoyo,
Ijumaa, 9 Agosti 2024

Mwanangu,

Hukuanza barua kwa shikamoo, na nimeona ni haki yako.

Ni kweli, nilikwenda kwa Masoud. Nilisoma barua yako ya kwanza nikaona mtoto wa kaka yangu anazama, nami nikakuvuta wewe kwa sababu wewe ndiye niliyekuwa nakuona. Ajali ilipotokea, barua ilikuwa imeshatoka. Ningeweza kukwambia. Niliona aibu, nikaanza kueleza. Mimi nikiona aibu hueleza sana. Baba yako anaijua tabia hiyo tangu utoto wetu.

Jana nilirudi kwa Masoud. Uhamisho umefutwa, na barua ya kuufuta anakuletea Twalha.

Kuna jambo jingine. Siku niliyostaafu, mgeni rasmi alisifu kwamba kwa miaka kumi na saba ratiba yangu haikuwahi kuwa na pengo. Nililia kwa furaha. Kati ya wauguzi waliozijaza ratiba hizo pamoja nami, mmoja aliacha kazi ghafla, akafungua duka la khanga Zinga. Kwa miaka yote hii nimekuwa nikisema alipenda biashara. Juzi nilikwenda dukani kwake. Tuliulizana habari za watoto, akanifunulia doti mbili tatu, halafu nikamuuliza kwa nini hasa aliacha. Alikunja khanga yake polepole kwanza. Akasema, "Nilianza kuiogopa mikono yangu, Bi Zuwena. Nikishika sindano sijui ni ya kwanza au ya pili. Nikaondoka kabla sijaua." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia, mara mbili, nami nikamjibu sote tumechoka.

Sikumbuki kuambiwa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mlango niliokuwa nauegemea usifungwe, nilimbana mtu nyuma yake.

Kwa hiyo sikiliza, na safari hii sielezi kwa aibu. Kiongozi akijaza pengo kwa jina, wakubwa anaowaomba watumishi hawaoni kwamba kuna kitu kinakosekana. Ratiba yangu ilikuwa ikiwaambia kila mwezi kwamba tunatosha. Nani angetuletea mtu? Lipeleke kaunta buku. Wakikuuliza nani alikufundisha kuandika majina ya wasiokuwepo, nitaje. Usinifunike kwa heshima ya ushangazi. Usiponitaja, nitakuja mwenyewe na magoti yangu haya.

Siwezi kukuahidi kwamba wodi haitafungwa usiku. Nilidhani najua, sasa sijui.

Zuwena Dadi


Mtondooni,
Jumanne, 3 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilitaka kwanza nione itakuwaje, nikuandikie yaliyotokea na siyo ninayoyaogopa.

Kamati ilikaa tangu saa tatu mpaka alasiri. Waliweka ratiba mezani, mimi nikaweka kaunta buku pembeni yake. Mwenyekiti alizilinganisha kurasa kwa kidole, mstari kwa mstari. Aliniuliza kama ninaelewa nimefanya nini. Nikasema ninaelewa. Akaniuliza nani alinifundisha. Nikakutaja, jina lako lote na jina la baba yako. Ulimi uliniuma, lakini nilikutaja.

Kisha walimwita Mwaija wakamsomea saa zake. Walipofika ishirini na sita, Farhan, kaka yake Adila, aliyekaa nyuma na ghadhabu yake, aliomba kuuliza swali. Alimuuliza Mwaija kama alikula. Mwaija alifikiri, akasema hakumbuki. Farhan akaketi. Malalamiko yake hakuyaondoa, ila aliomba iandikwe kwamba anailalamikia pia karatasi ya ukutani.

Mwaija amebaki na leseni yake. Kwa miezi sita hatoi dawa nzito bila mwenzake kusimama naye kuhesabu, na tumekubaliana iwe hivyo kwa wauguzi wote. Mimi nimevuliwa ufawidhi na kupewa onyo kali. Mfawidhi sasa ni Abdillah. Wodi ya uzazi haikufungwa, lakini kwa muda kliniki ya mchana inapokea dharura tu baada ya saa tisa, mpaka walioahidiwa wafike. Wameahidi watatu. Amefika mmoja. Watu wamekasirika, na wengine wanatutupia maneno njiani. Kwa hiyo ulichokiogopa kimetokea nusu yake. Sitakuficha.

Ratiba ya Septemba ameiandika Abdillah. Ina zamu tatu. Wasiokuwepo hawamo, na penye pengo ameacha pengo, akalizungushia wino mwekundu, na nakala amepeleka wilayani akasainiwa kwamba imepokelewa. Mashuka anahesabu mhudumu, kama ulivyosema. Vitanda vibovu bado vimejaa kile chumba cha nyuma.

Jana ilikuwa zamu ya kwanza ya Mwaija katika ratiba hiyo mpya, nami nilikuja kumpokea saa nane mchana. Tulizunguka kitanda kwa kitanda. Alinionyesha kila cheti, akaweka sahihi, akaandika saa. Nje palikuwa na watu wapata thelathini kwenye mabenchi. Alivua sare, akachukua mkoba, akasimama mlangoni. Nilijua anangoja nini. Tangu aanze kazi, kukiwa na watu wengi kama wale, nilikuwa nikisema, "Mwaija, nisaidie kidogo tu."

Nilinyamaza.

Akapita katikati yao. Mwanamke mmoja alisimama akauliza kwa ukali huyu nesi anakwenda wapi na watu wamejaa. Mwaija alisita. Nikatoka nje, nikamwambia yule mwanamke kwamba zamu yake imekwisha, mimi ndiye niliyepo, na atangoja zaidi kidogo. Alinitukana, Shangazi, tena vizuri, kwa Kikwere na Kiswahili. Nikamwita anayefuata. Nilipotazama tena barabarani, Mwaija alikuwa ameshafika mbali, anatembea bila haraka.

Hajra